Mji wa Watu Wote: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mtaa Bila Kumfukuza Mtu

Simama Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, bahari ikiwa mgongoni. Nyuma yako kuna maghorofa ya Kisutu, mbele yako Kariakoo, na hapo ulipo ni uwanja wenye miti ambapo watu hupumzika wakisubiri jua lipungue. Wengi hudhani uwanja huu uliachwa kwa ajili ya mapumziko. Uliachwa kuwa mpaka.

Mwaka 1891, Wajerumani walipoufanya mji huu makao yao makuu, walitoa kanuni ya ujenzi iliyougawa kanda tatu: ya nyumba za mtindo wa Kizungu, ya nyumba imara za mawe, na ya nyumba za miti na udongo. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo, wakaacha eneo wazi kati ya kanda ya pili na ya tatu. Wananchi wakazipa kanda hizo majina tunayoyajua mpaka leo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo ndilo uti wa mgongo wa mwongozo huu. Kanuni ile haikuwa na haja ya kutaja rangi ya mtu. Ilitaja ukuta na paa tu, na asiye na fedha za kujengea mawe alijikuta nje ya mstari bila kufukuzwa na askari. Mpango mkuu wa mwaka 1949 ukafuata njia hiyo hiyo kwa lugha ya msongamano: viwanja vikubwa kwa Wazungu, vya kati kwa Wahindi, vidogo kwa Waafrika. Uhuru ulifuta majina ya rangi kwenye karatasi, lakini vipimo vikabaki. Hadi leo mchoro wa mipango miji unasema kiwanja cha msongamano mdogo, wa kati au mkubwa, na kila mtu anajua nani anakaa wapi.

Kwa hiyo unapoketi kupanga mtaa, uwe afisa mipango miji, diwani, mjumbe wa kamati ya urasimishaji (kazi ya kupanga, kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyojengwa bila ramani) au mkazi uliyechoka kuruka madimbwi, kazi yako kubwa ni kukiuliza kila kipimo swali moja: kipimo hiki kinamtoa nani? Nimeandika nikiwa na mtaa wa Dar es Salaam akilini, ule ambao nyumba zilitangulia ramani, maana humo ndimo wakazi wengi wa mji wanamoishi. Pale Nairobi ilipofanya vizuri kuliko sisi, nimesema.

Kabla ya yote: jua mlango wa kugonga

Kwa Tanzania, Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 ndiyo yenye vifungu vya urasimishaji. Safari inaanzia serikali ya mtaa: mkutano mkuu wa wakazi unakubali kupanga, unachagua kamati, muhtasari unasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, kisha unapelekwa halmashauri kupitia kata. Msianze kuchanga hata shilingi kabla muhtasari huo haujapokewa na kugongwa muhuri. Kenya, serikali ya kaunti inaweza kulitangaza eneo zima kuwa eneo maalumu la mipango na kusimamisha ujenzi mpya wakati mpango unaandaliwa. Kaunti ya Nairobi ilifanya hivyo Agosti 2017 kwa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, eneo lenye kaya zinazokadiriwa kufikia laki moja. Nitairudia Mukuru mara kadhaa.

Hatua ya kwanza: tembea kabla ya kuchora

Picha ya angani itakuonyesha mapaa. Haitakuonyesha kwamba kichochoro kati ya mapaa mawili ndicho njia ya watoto sabini kwenda shule, wala kwamba ile nafasi wazi inayoonekana haina kazi ndipo misiba yote ya mtaa inapofungiwa turubai.

Tembea mara tatu. Mara ya kwanza alfajiri, saa kumi na moja, uone nani anatoka na kwa njia ipi: wauza samaki wanaowahi Feri, vibarua, mafundi. Mara ya pili jioni, saa moja, wakati biashara za chakula zimepamba moto. Mara ya tatu, na hii usiikwepe, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Vaa mabuti. Angalia alama za maji kwenye kuta, uliza maji yalifika wapi masika iliyopita, kisha piga mstari wa chaki ukutani na uandike namba ya nyumba kwenye daftari.

Chukua kamba iliyofungwa mafundo kila mita moja, na toroli. Katika kila kichochoro pima upana, halafu jiulize mambo matatu. Je, jeneza linapita likiwa limebebwa mabegani na watu wanne bila kuinamishwa? Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku, bajaji itamfikia umbali gani? Na gari la kunyonya maji taka, bomba lake litafika choo cha mwisho? Majibu ya maswali haya yanakuambia mengi kuliko namba iliyo kwenye kanuni, na yana faida nyingine: kila mkazi anayaelewa, kwa hiyo kikao chako cha kwanza tayari kina lugha ya kuzungumzia.

Ramani nayo si lazima ianze na mtaalamu wa gharama kubwa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wenyewe kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko: njia, mitaro, vyoo, nyumba. Ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Ziangalie kwanza, huenda mtaa wako tayari umechorwa nusu.

Andika kila kitu unachokutana nacho, hata kile ambacho hakina karatasi: genge la mboga, fundi cherehani kwenye baraza, kituo cha bodaboda, bomba la kuuzia maji kwa ndoo, msikiti, kanisa, makaburi ya ukoo, kiwanja cha chandimu. Kisichoandikwa leo, kesho kitahesabiwa kuwa hakipo, na tingatinga halina macho.

Hatua ya pili: hesabu wakazi, usihesabu wenye nyumba

Hapa ndipo miradi mingi inapoanza kubagua bila kujua. Orodha ya urasimishaji huandikwa kwa jina la mwenye kiwanja. Sasa chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, au haishi hapo kabisa. Vyumba vingine vina wapangaji, kila chumba kaya yake. Ukimwandika mwenye nyumba peke yake umeandika kaya moja kati ya tano au sita, na hizo ulizoziacha ndizo zenye kipato kidogo zaidi. Kisha mnapitisha uamuzi wa kukata vyumba vya mbele na mnasema wakazi wamekubali.

Daftari lako liwe na ukurasa kwa kila nyumba na mstari kwa kila chumba: watu wangapi, wanafanya kazi wapi, wanalipa kodi kiasi gani na kwa miezi mingapi mbele, kuna mtu mwenye ulemavu, nani anachota maji na anayanunua bei gani. Swali hilo la maji usilipite haraka. Mukuru walipokusanya takwimu zao waligundua kwamba wakazi wa vibanda wanalipia kila lita ya maji bei kubwa kuliko watu wa mitaa yenye mabomba ndani ya nyumba. Maskini analipa zaidi kwa huduma mbaya zaidi. Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, mazungumzo na mamlaka ya maji yanabadilika: mtaa wenu hauombi msaada, ni wateja ambao tayari wanalipa, wanataka huduma.

Kwa kukusanya watu, Nairobi walijipanga kwa makundi ya kaya 10, kila kundi likamtoa mwakilishi, makundi yakaungana hadi kufikia eneo zima, na Muungano wa Wanavijiji ukiwa nguzo ya kazi hiyo. Kwetu watu watasema tuna mabalozi wa nyumba kumi. Tunao, lakini balozi ni wa chama, na mkazi asiye wa chama hicho atakaa kimya mbele yake. Kwa kazi hii chagueni wawakilishi wapya, na katika kila kundi angalau mmoja awe mpangaji.

Usisahau wachache. Katikati ya Dar es Salaam, Upanga, Kisutu na Kariakoo, unakuta Waismailia, Wabohora, Wahindu, Magoa, Waarabu, Wapemba, Wachaga, Wakinga, na siku hizi wafanyabiashara wa Kichina, wote kwenye mtaa mmoja. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, mengi yakiwa ya watu wenye asili ya Asia, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waliobaki, na watoto wao, wengi wana kumbukumbu ya kuambiwa mji si wao, kwa hiyo hawaji kwenye mikutano ya mtaa. Wafuate walipo: dukani, kwenye jamatini, hekaluni. Waulize mambo ambayo afisa mipango miji wa kawaida hayafikirii, kwa mfano mahali pa kuchomea maiti, njia ya maandamano ya sikukuu, ngazi za maghorofa ya zamani ambazo wazee hawawezi tena kuzipanda. Mji unaowapangia makaburi Waislamu na Wakristo na kuwaacha Wahindu wajitafutie, haujawahesabu.

Hatua ya tatu: kikao kinachosikia

Mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi utawapata wastaafu na madalali. Fanya Jumamosi jioni au Jumapili baada ya ibada, na usigongane na swala ya alasiri wala magharibi. Weka mahali palipo tambarare ili mwenye kiti cha magurudumu asibebwe kama mzigo.

Kabla ya mkutano wa wote, kutaneni makundi mbalimbali: wanawake peke yao, wapangaji peke yao, vijana, wafanyabiashara wa barabarani, wenye nyumba. Mpangaji hawezi kusema mbele ya mwenye nyumba wake kwamba anaogopa kodi itapanda. Nimewaona wakikubali kila kitu kwa kutikisa kichwa, halafu usiku wanamtafuta mjumbe kumwambia ukweli.

Ramani ya karatasi huwanyamazisha wengi. Badala ya kuitundika ukutani, chukua chokaa na kamba, chora barabara inayopendekezwa ardhini, kwenye mtaa wenyewe, kwa ukubwa wake halisi. Mistari ikipita katikati ya jiko la mtu, mjadala unakuwa wa kweli papo hapo. Fanya hivyo kwa muda wa wiki moja, watu waishi na ile mistari, wapite juu yake, wabishane, ndipo mkutano ukae.

Hatua ya nne: hoji kila kipimo

Hii ndiyo hatua niliyokuahidi mwanzoni, na ndiyo inayotaka muda mrefu kuliko zote.

Twende na mfano wa hesabu. Una kichochoro cha urefu wa mita 120, upana mita 2. Kila upande kuna nyumba 12, kila moja ina upana wa mita 10 hivi. Mbele ya kila nyumba kuna baraza la mita 1, halafu vinaanza vyumba viwili vya mbele, kimoja kila upande wa korido. Mtaalamu anataka barabara ya mita 6. Inahitajika ardhi ya mita za mraba 480, yaani mita 2 kutoka kila upande. Mita ya kwanza inamaliza baraza, ya pili inaingia chumbani. Nyumba 24, vyumba viwili kila nyumba, ni vyumba 48 vinavyokatwa ukuta. Kama kila chumba kina kaya, umezihamisha kaya 48 kwa mstari mmoja wa penseli, na hakuna hata moja kati yao yenye jina kwenye orodha ya fidia kwa sababu ni wapangaji.

Sasa jaribu upana wa mita 4. Unachukua mita 1 kila upande, mita za mraba 240, mabaraza yanaondoka na hakuna chumba kinachoguswa. Bajaji inapita, gari dogo linapita, jeneza linapita. Mahali pawili ambapo tayari pana nafasi, tuseme mbele ya msikiti na pale kwenye genge, panua hadi mita 6 ili magari yapishane. Shida inabaki kwa gari la zimamoto, na ni shida ya kweli, usiifiche. Ijibu kwa kuhakikisha barabara pana zinazouzunguka mtaa zina mabomba ya zimamoto, na kwamba hakuna nyumba iliyo mbali na barabara hizo kuliko urefu wa mpira wa maji. Kaa na jeshi la zimamoto mapema, wapime wenyewe.

Na mabaraza? Wazee watayalilia, na wana haki. Baraza ndilo sebule ya mtaa. Jenga mabaraza mawili makubwa ya pamoja kwenye zile sehemu zilizopanuliwa, yawe na kivuli.

Mukuru walifanya kazi ya namna hii kwa eneo zima: walikataa kuchukua viwango vya barabara kama vilivyo vitabuni, wakachagua njia nyembamba zaidi ndani ya vibanda ili wasiwahamishe maelfu ya watu. Hapa kwetu mfano mzuri ni Chamazi. Familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wengi wao wapangaji, zilijiunga kwenye vikundi vya akiba vya Shirikisho la watu maskini wa mijini, zikanunua ekari 30 Chamazi, kisha zikaishawishi manispaa ikubali viwanja vidogo kuliko kipimo cha kawaida. Kwa kipimo cha kawaida ardhi ile isingewatosha. Kilichowapa nyumba ni kukubalika kwa namba ndogo kwenye mchoro.

Endelea hivyo kwa kila namba. Ukubwa wa chini wa kiwanja: ukiuweka mkubwa, umeandika kipato cha chini cha jirani. Umbali wa nyumba kutoka mpakani: mita tatu kila upande zinawezekana Mbezi Beach, Tandale hazibakizi chumba. Maegesho ya gari: yanamhusu nani kwenye mtaa ambao nyumba moja kati ya nyingi ndiyo yenye gari? Vifaa vya ujenzi: kanuni ikisema saruji pekee, mwenye nyumba ya udongo iliyokarabatiwa vizuri anageuka mvunja sheria ndani ya nyumba yake, na tumesharudi 1891.

Kuna vipimo ambavyo havipunguzwi hata kidogo. Bonde la mto ni moja. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari, na mahali mafuriko yanapoua watu, huruma ya kumwacha mtu pale si huruma. Lakini kipimo hicho kitumike sawa. Nimeona kikinukuliwa kwa sauti kubwa dhidi ya kibanda cha Msimbazi, na kikinongonezwa kwa jumba la kifahari lililojengewa ukuta hadi kwenye mchanga wa bahari. Mtaa wa matajiri nao unahitaji mpango wa kuwajumuisha wengine: njia za kwenda ufukweni zibaki wazi, geti lisifunge barabara ya umma, na kila eneo jipya la viwanja vikubwa liwe na safu ya viwanja vidogo ndani yake, si kilomita kumi kando. Coco Beach imebaki kuwa mahali ambapo mtoto wa Masaki na mtoto wa Manzese wanakula mihogo kwenye benchi moja. Sehemu kama hiyo haitokei kwa bahati, mtu aliikatalia isiuzwe.

Hatua ya tano: mtaro kabla ya lami

Lami inapendeza kwenye picha, lakini lami bila mtaro ni mto wenye rangi nyeusi. Anza na maji yanakokwenda. Hanna Nassif, Kinondoni, ni funzo la miaka ya 1990: wakazi walichagua wenyewe mitaro na barabara kama jambo la kwanza, wakaajiriwa kuijenga kwa mikono yao wakilipwa ujira, na mtaa uliokuwa ukizama ukapitika. Fedha ya ujenzi ilibaki mifukoni mwa watu wa mtaa, na waliojenga walijua kuukarabati.

Vyoo vinataka uwazi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haina bomba la maji taka. Choo cha shimo kikijaa, mwenye uwezo anaita gari, asiye na uwezo anawaita vyura, wale vijana wanaoingia shimoni usiku na ndoo, au anasubiri mvua kubwa akitapishe mtaroni. Kila mtu anajua, hakuna anayelisema mkutanoni. Liseme wewe. Tenga kwenye mchoro kituo kidogo cha kupokelea maji taka ambacho mtu mwenye pampu ya mkono na guta anaweza kukifikia, na uwape vyura glavu, mabuti, na nafasi ya kufanya kazi mchana kwa heshima.

Hatua ya sita: mtu na riziki yake wasitenganishwe

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, karibu kilomita 30 kutoka walipokuwa. Viwanja vilikuwa halali na pakavu. Lakini mama aliyekuwa akiuza vitumbua Jangwani alihitaji wateja wa Jangwani, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida yote. Baadhi walirudi bondeni. Kabla ya kumhamisha mtu pima nauli, uigawe kwa kipato chake cha siku, umwonyeshe hesabu hiyo yeye mwenyewe.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yalionyesha jinsi usafiri unavyoweza kufuta umbali kati ya Uswahilini na mjini. Faida hiyo inafika mtaani kwako tu kama kuna njia ya miguu yenye taa hadi kituoni, bila ngazi, bila mtaro wazi wa kurukwa gizani. Chora njia hiyo kwanza, barabara ya magari ifuate.

Kwa machinga na mama lishe, kosa linalorudiwa ni kuwajengea mbali na miguu ya watu. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilifunguliwa likiwa na nafasi nyingi, na vizimba vingi vikakaa vitupu miaka mingi, maana mteja wa machinga hapandi ghorofa kutafuta soksi. Hesabu wapita njia kwa saa moja kila kona, kisha tenga nafasi ya biashara pale walipo wengi, hata kama ni mita moja na nusu ya upana kando ya njia. Ichore kwenye mchoro rasmi, ipewe namba. Kibanda chenye namba hakivunjwi kirahisi.

Hatua ya saba: jiandae kwa bei kupanda

Mtaa ukipata mtaro na taa, kodi inapanda. Mpango usiolizungumzia hili utawafukuza wale wale uliowapangia, mwaka mmoja baada ya sherehe za uzinduzi. Viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma miaka ya 1970 huko Sinza na Kijitonyama vilikusudiwa wenye kipato cha chini, na miaka ilivyokwenda vikawa mitaa ya watu wa kati. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima viwanja vingi maeneo kama Kibada, Bunju na Buyuni, lakini malipo ya kiwanja yaliwaacha nje wengi wasio na akiba.

Unaweza kufanya nini? Wekeni makubaliano ya maandishi na wenye nyumba: atakayenufaika na barabara anaahidi kutopandisha kodi kwa miaka miwili na kupokea kodi kwa miezi mitatu mitatu, isiwe ya mwaka mzima. Si sheria, lakini yakisainiwa mbele ya serikali ya mtaa yana uzito wa aibu, na mtaani aibu inafanya kazi. Ruhusu mwenye nyumba kuongeza ghorofa moja kwa masharti kwamba vyumba vilivyokatwa chini vinarudi juu kwa wapangaji wale wale. Hati na leseni za makazi ziandikwe majina ya mume na mke, na wosia wa nyumba za urithi ujadiliwe mapema, kwa sababu hati mpya huamsha ndugu waliolala. Atakayelazimika kuondoka kabisa, sheria inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kwa mpangaji ambaye sheria haimtaji, kamati itafute angalau gharama ya kuhama na kodi ya miezi ya mwanzo huko aendako. Iwekeni kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Hatua ya nane: fedha mezani

Kwa ufupi, kwa sababu kanuni ni chache. Akaunti ya benki kwa jina la kamati, watia saini watatu, mmoja wao mwanamke, mmoja mpangaji. Mkandarasi wa upimaji alipwe kwa awamu: mchoro ukiidhinishwa, mawe ya mipaka yakisimikwa, hati zikitoka. Nina risiti nyumbani ya mchango ambao wakazi tulitoa wote kwa mkupuo, na upimaji ukaishia kwenye chokaa. Ulizeni ofisi ya ardhi ya halmashauri kiwango cha juu cha gharama kinachoruhusiwa kwa kiwanja, mkibandike kwenye ubao wa serikali ya mtaa pamoja na taarifa ya mapato na matumizi ya kila mwezi. Asiyeweza kuchanga fedha achange siku za kazi kwenye mtaro, ziandikwe kwa thamani yake. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viombe mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya biashara zitakazohama.

Hatua ya tisa: bandika, pinga, rekebisha, rudi

Rasimu ya mchoro ibandikwe mahali watu wanapokaa kweli: kwenye bomba, saluni, kijiwe cha kahawa. Ofisini pekee haitoshi. Kando yake weka daftari la mapingamizi, na mtu wa kumwandikia asiyejua kuandika. Kila pingamizi lijibiwe kwa jina na kwa sababu, hata lile lililokataliwa. Ndipo mchoro uende kwenye kamati ya mipango miji ya halmashauri, na kutoka hapo kwa idhini ya wizara, upimaji na hati.

Masika ya kwanza baada ya ujenzi, rudi na kamba ile ile yenye mafundo. Tafuta ile mistari ya chaki ukutani, uone maji yamefika wapi safari hii. Pima vichochoro, maana uzio husogea usiku. Kisha chukua daftari la vyumba, ubishe hodi chumba kwa chumba, nyumba zote 24, ukiuliza nani bado yupo. Jina lililobadilika lizungushie duara na uulize amehamia wapi na kwa nini. Jioni ikifika, keti kwenye baraza jipya, agiza chai kwa yule mama aliyehamishwa kutoka kona ya zamani, na umuulize anauza vikombe vingapi kwa siku ukilinganisha na zamani. Akikwambia vimepungua, fungua mchoro hapo hapo.